Alama Kumi na Tano za Mama

Kiponda, Unguja
Ijumaa, 10 Septemba 2004

Kaka yangu Hisham,

Shikamoo. Nnakuombea barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Rasha na watoto, na joto la Maskati liwe limewapungukia kidogo. Picha zao tumezipata. Mashaallah, wamerefuka, na yule mdogo pua ni yako kabisa, maskini, hakupata wa kumwepushia.

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo. Neno hilo nnaliandika peke yake kwa makusudi, usilipite mbio: Mama hajambo. Soma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Bahasha uliyompa Borafya aje nayo imefika salama, na ndani yake tiketi ya Mama ya tarehe ishirini na tano mwezi huu, ya kwenda bila ya kurudi. Umefanya anavyopaswa kufanya mtoto mkubwa, sina la kukulaumu. Mwezi wa Juni nlikuandikia kwamba Mama ameanza kupoteza kumbukumbu, nikakutilia na karatasi ya chuo yenye alama zake, kumi na tano katika thalathini, nikakueleza kwamba aliye chini ya kumi na nane huhesabiwa mgonjwa. Ukajibu kwamba huko madaktari wapo, kwamba aje afunge Ramadhani kwenu, na nyumba hii ya Kiponda tuitie kufuli, mimi nitafute chumba karibu na chuo. Mama alipoambiwa hakubisha. Alikwenda Darajani kupiga picha ya pasipoti, akamuuliza mpiga picha kama mgonjwa acheke au asicheke.

Sasa kabla sijafika kwenye lenyewe, nikupe habari za chuoni, maana bila ya hizo hutonielewa.

Kila Jumatano baada ya Alasiri tuna mhadhara. Mtu anasimama mbele na utafiti wake, anaueleza kwa dakika arubaini, kisha watu wanamuuliza maswali mpaka jasho limtoke, halafu tunakunywa kahawa na visheti kama vile hakuna aliyeumbuka. Mambo yenyewe ni ya akili na ubongo: vipi mtu anakumbuka, vipi anasahau, vipi mtoto anaanza kusema. Wiki moja alikuja bibi mmoja mgeni, akatwambia kwamba ubongo una pahala pake maalumu pa kutambua nyuso, na pakiumia, mtu hamjui hata mkewe mpaka amsikie sauti. Wiki nyengine kijana wetu Turki alizungumza juu ya wacheza bao. Aliwafunga vitambaa vya macho, nao wakacheza wamezishika kete zote kichwani. Siku hiyo ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na nusu ya waliokuja walikuja kumwambia Turki kwamba mtaani kwao yupo anayecheza vizuri zaidi. Ungekuwepo ungecheka, na ungekuwa mmoja wao.

Mkuu wetu ni Dokta Muhannad. Kwao Chukwani, lakini aliondoka hapa ana miaka sita, amekulia Ulaya. Mtu mzuri sana. Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu mpya, hakijakunjika popote. Yeye ndiye aliyeleta maswali ya kupima kumbukumbu za wazee, yaliyotungwa hukohuko alikosoma, na mimi ndiye nliyeyatia Kiswahili. Kazi yangu ya pili ilikuwa kwenda Mkokotoni na mwenzangu Mwanakhamis, ambaye ni mzaliwa wa huko, tukawaulize wazee sitini. Ila kabla ya Mkokotoni ilibidi nijaribu maswali kwa mtu mmoja, nione yanakwendaje. Nikamjaribia Mama. Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na tano Mei, ukumbini kwetu, baada ya yeye kumaliza kuchambua mchele.

Alama zake unazijua. Usichokijua ni Mama alivyokuwa tangu azijue yeye. Nlimwambia mimi mwenyewe, kwa sauti ya upole ya kidaktari ambayo nikiikumbuka nnajichukia. Kesho yake alinikabidhi funguo za stoo, akasema bora ziwe na mwenye akili zake. Akawa kila akipika ananiita nionje mchuzi, asije akawa ameshatia chumvi mara mbili. Simu ikilia haipokei, anasema atajibu upuuzi. Mwezi uliopita Bi Tabia wa mlango wa pili alikuja kumwomba asome Miraji kama kila mwaka, Mama akamwambia atafute mwengine, yeye asije akaruka pahala mbele za watu. Kisomo chote anakijua kwa ghibu, Kaka. Wewe na mimi tulikuwa tukilala tunakisikia. Bi Tabia alitoka pale analia, akanishika mkono mlangoni akanambia Mungu atanilipa kwa kumuuguza mama yangu.

Basi, Jumatano ya wiki iliyopita, tarehe mosi, zamu ya mhadhara ilikuwa yangu.

Dokta Muhannad alisema si adabu kuwasema watu nao hawapo, kwa hiyo akatuma gari Mkokotoni, wakaja wazee kumi na mmoja katika wale tuliowauliza. Waliketi mstari wa mbele, wanawake upande mmoja na vipepeo vyao, wanaume upande wa pili. Mimi nimevaa lile baibui jipya uliloniletea. Nikawasha mashine ya kuonyesha picha ukutani, nikaanza. Nikaeleza kwamba katika kila wanawake watatu wa Mkokotoni, wawili wako chini ya kumi na nane, na kwa wanaume ni mmoja tu katika wanne. Nikaonyesha picha ya ubongo, na kile kipande kidogo ndani yake kinachohifadhi kumbukumbu. Nikatoa sababu: labda ni kutosoma, labda ni uzazi mwingi, labda ni chakula. Nnakwambia nlitiririka. Walipopiga makofi nlijiona mtu, na Dokta alikuwa anatingisha kichwa kama baba siku ya harusi ya bintiye.

Wakati wa maswali akasimama Bi Mwanamkasi. Huyu ni bibi wa miaka sabiini na kitu, mwembamba, ana duka la ukili na mikeka sokoni Mkokotoni, na kwao ni Tumbatu. Kwanza alitusalimu wote vizuri, akashukuru kwa gari. Kisha akasema ana jambo halimkai. Alimuuliza Dokta kama karatasi ile ndiyo iliyosema kwamba yeye ana maradhi ya kusahau. Dokta akamjibu kwa adabu kwamba majina hayatajwi. Bi Mwanamkasi akasema hapana haja ya kuficha, alama zake aliziona kwa macho yake nlipokuwa nnaziandika, na palipoulizwa jina la mumewe aliona nimetia sifuri.

Akasema jina la mumewe analijua, na la babake, na la babu yake aliyezama Nungwi, na akitaka anaweza kutusomea ukoo mzima mpaka kahawa ipoe. Lakini hajalitia mdomoni tangu siku alipoolewa, na hakuona sababu ya kulianza kwa ajili ya karatasi. Kwake yeye ni Baba Machano, na akiwa na hasira naye ni Mwenyewe. Wanawake wenzake wakaanza kucheka nyuma ya vipepeo. Wa pili akadakia kwamba yeye aliulizwa ana watoto wangapi, akajibu wapo, alhamdulillahi, na akatiwa sifuri. Kwani watoto ni kuku wahesabiwe jioni? Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mpaka wanafunzi waliosimama mlangoni, na Mwanakhamis naye alikuwa ameinamisha kichwa mabega yanamtikisika.

Bi Mwanamkasi hakucheka. Alinigeukia mimi. Akasema huyu bwana mkubwa tunamsamehe, kakulia ugenini. Lakini huyu mtoto ni wa hapahapa mjini, na mamake yupo. Je, mamake humwita babake kwa jina?

Dokta Muhannad akanitazama, uso umemwiva, akaniuliza mbele ya wote, kwa upole tu, kama nlikuwa nnaijua desturi hiyo. Nikajitia hamnazo. Nikasema la, halikunipitikia, siku hizi mambo hayo mjini yamepungua. Nikasema na samahani. Watu wakaniamini. Bi Mwanamkasi aliniangalia kidogo, kisha akaketi akaendelea kujipepea.

Kaka, nlikuwa nnajua.

Nlitaka kukupigia simu nikwambie haya, lakini mdomo wangu nshaujua, ukibanwa unaongopa. Kalamu angalau inakwenda taratibu. Kwa hiyo soma.

Ile Jumanne ya Mei nlimuuliza Mama leo tarehe ngapi. Akanambia mwezi tano, Mfungo Saba. Ilikuwa kweli siku ya tano ya Mfungo Saba. Karatasi inataka tarehe ya kizungu, nikamkata tatu. Nikamuuliza watoto wangapi, akasema Mungu kampa wa kumtosha, nikamkata tatu. Nlimsomea maneno matano ayakumbuke baada ya dakika tano, kukaadhiniwa, akaenda kusali Adhuhuri na suna zake, akarudi baada ya nusu saa akanitajia manne, mfululizo, bila ya kukwama. Karatasi inasema dakika tano. Nikamtia sifuri, nne zikaenda. Kisha nikamuuliza jina la mumewe.

Unajua alivyofanya? Aliona haya. Mama yetu, miaka sitini na minane, alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio akacheka kama mwari. Akasema hilo na mimi si nnalijua, niliandike tu. Na mimi nnalijua, Kaka! Nani katika nyumba hii asiyelijua? Siku alipofariki Baba, Mungu amrehemu, Mama aliwatokea waliokaa barazani akasema mwenye nyumba kaondoka, na hata siku ile jina halikumtoka. Nlikuwepo. Nlikuwa na miaka kumi na sita na wewe ulinishika bega. Nikatia sifuri, tatu zikaenda.

Pembeni mwa kila swali pana nafasi ya kuandika maelezo, kama yapo. Nafasi hiyo nliitengeneza mimi mwenyewe nlipokuwa nnatafsiri, kwa ajili ya mambo kama hayo hasa. Kwenye karatasi ya Mama niliiacha tupu toka juu mpaka chini. Ukimtilia haki, Mama ana ishirini na nane. Alisahau neno moja, na katika kutoa saba saba kutoka mia alikosea mara moja, na hapo hata mimi hukosea.

Kwa nini? Ndilo unalouliza, nnakusikia. Wiki moja kabla ya siku ile, Dokta alikuwa ameniita ofisini kwake. Aliniarifu kwamba kuna nafasi ya masomo Norwei, miaka minne, na kama kazi ya Mkokotoni itatoa majibu mazuri, jina langu ndilo atakalolipeleka. Nikamwambia nna mama, hana mwengine hapa ila mimi. Akasema basi nifikirie. Nikafikiria. Nna miaka thalathini. Tangu uondoke, nshamtibu Mama miguu, nshawapokea wageni wa kila Idi, nshakataa wachumba wawili kwa sababu mmoja alitaka nihamie Pemba na mwengine Dar. Sikulalamika, kwa sababu hapana aliyeniuliza. Siku ile na karatasi mbele yangu niliona kwamba nikiandika ninachokijua, Mama mzima na mimi nimebaki. Nikiandika karatasi inavyotaka, Mama mgonjwa, nawe utamchukua, na hapana wa kunambia nimemtupa. Sikutia uwongo hata mmoja, si ndiyo? Nlifuata karatasi tu. Ndivyo nlivyojiambia.

Kisha nikaenda Mkokotoni, na kwa wale bibi wote nikafanya hivyohivyo. Mwanakhamis alinambia siku ya kwanza kabisa kwamba hawa hawatotaja waume zao, jambo hilo tuliandike pembeni. Nikamjibu kwamba masharti ya utafiti hayaruhusu. Ningewatilia wao haki, na ya Mama ingebidi niirudie. Kwa hiyo wanawake wa Mkokotoni wana maradhi ya kusahau kwa sababu yangu mimi, na hesabu zao nimeziweka ukutani watu wakapiga makofi.

Hata baada ya mhadhara nlinyamaza. Siku nane, Kaka. Jumamosi ikaja tiketi, nikaiweka kabatini, nikasema moyoni labda ndivyo ilivyoandikwa. Mama akateremsha sanduku akaanza kukunja nguo. Jana baada ya Adhuhuri akaniita chumbani, ametandaza kitandani picha za watoto wako. Akaniomba nimwandikie majina nyuma ya kila picha, asije akafika Maskati akawatia aibu kwa kutowajua wajukuu zake. Nikashika kalamu. Yeye akawa ananitajia niandike: huyu fulani, kazaliwa mwaka wa mafua makubwa, huyu fulani, katangulia miguu, huyu anapenda mkate wa kumimina lakini hali ukiwa na iliki. Mmoja mmoja, wote, bila ya kukosea hata herufi. Na kila akimaliza mmoja ananiuliza kama ndivyo. Ananiuliza mimi!

Nikaweka kalamu chini nikamwambia. Nlimwambia yote, na Norwei, na nafasi ya pembeni, na Bi Mwanamkasi. Nlilia mpaka kwikwi ikanishika. Yeye hakulia. Alinisikiliza mikono imetulia mapajani, kisha akaniuliza alipata ngapi hasa. Nikasema ishirini na nane. Akasema kwamba miezi yote hii kila akiamka alikuwa anabaki kitandani kwanza, anajitajia majina ya waliomo katika nyumba, halafu ndiyo anathubutu kutoka nje. Tumo wawili tu katika nyumba, Kaka.

Kisha akasema ningemwomba ruhusa ya kwenda, angenipa.

Hivyo tu. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Jana usiku tulikula pamoja, akanipakulia, akanambia bismillahi. Zaidi ya hapo hajanisemesha, na sina haki ya kumharakisha.

Leo asubuhi nlikwenda chuoni nikamweleza Dokta Muhannad kama nlivyokueleza wewe. Akasema majibu yale hayatopelekwa popote, kwamba nitarudi Mkokotoni niwaulize wazee wote upya, mlango kwa mlango, na Mwanakhamis ndiye atakayeongoza kazi. Na Jumatano moja nitasimama palepale niseme nlilolifanya. Kuhusu Norwei alisema hana la kunambia kwa sasa. Nlishukuru. Nlipotoka nlikuwa mwepesi.

Tiketi nimeirudisha humu ndani ya bahasha. Borafya anaondoka Jumapili, atakupa mkononi. Nakuomba radhi kwa gharama na kwa usumbufu, na zaidi kwa kukufanya uamini jambo kama lile juu ya mama yako. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, ila usimwonee haya Mama, hana alilolikosa.

Lipo jambo moja limebaki, nalo kaniamuru nikuandikie kama lilivyo. Nlipomaliza kumweleza, aliniuliza kama wewe, ulipoipata karatasi ile, uliwahi kupiga. Nikasema ndiyo, ulipiga mara tatu, tukazungumza juu ya madaktari, na pasipoti, na kufuli. Akauliza kama katika mara hizo tatu ulitaka kusema na yeye.

Nikamwambia la.

Nisalimie wifi Rasha sana. Wabusu watoto, kila mmoja kwa jina lake. Bi Tabia anakusalimu, na jirani zetu wote wa Kiponda. Salamu za Mama sikuzitia humu, kwa sababu sikuthubutu kumwomba. Baada ya Alasiri huwa yupo nyumbani, amekaa ukumbini, na simu ikilia, tangu jana anaipokea mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikutakaye radhi,

Rawiya